Kutoka Barua ya Chifu Hadi Alama za Vidole

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipofungua kibanda cha kupiga chapa karibu na soko la Ahero, kijana aliyetaka kazi alihitaji barua tatu. Moja ya chifu, moja ya pasta au padri, na moja ya mwalimu mkuu wa shule aliyosoma. Ya chifu aliiandika mwenyewe kwa mkono na kuigonga muhuri. Hizo nyingine mbili zililetwa kwangu zikiwa rasimu kwenye karatasi ya daftari, nami nikazipiga kwa taipureta, nakala mbili na kaboni katikati.

Maneno yalikuwa yaleyale. Namfahamu mwenye barua hii tangu utotoni, anatoka katika familia ya watu wenye heshima, ni mchapakazi. Aliyepokea barua hakuishia kusoma. Karani wa kuajiri kwenye viwanda vya sukari vya ukanda wetu, au mwenye duka mjini Kisumu, alikuwa na mtu wa kumuuliza: kondakta anayeshinda njia ya Awasi, mwalimu waliyesali pamoja, mama anayeuza mchele kando ya barabara. Siku mbili zikipita, alishajua kama wewe ni mlevi, kama uliwahi kushikwa na mali ya mtu, na kama baba yako ana deni.

Watu wa rika langu huzikumbuka siku hizo kwa hamu, kana kwamba zilikuwa na haki zaidi. Mimi nilizipiga chapa barua hizo, kwa hiyo najua zilivyomkata mtu. Aliyekuwa na ugomvi wa shamba na jamaa ya chifu alizungushwa mpaka nafasi ikapita. Mabinti waliorudi nyumbani ndoa zikiwa zimevunjika ndio waliopata taabu kuliko wote. Kwao waliambiwa wewe sasa ni mtu wa kwa mume. Kwa mume wakaambiwa hatukujui tena. Mmoja wao aliketi kwenye benchi langu asubuhi nzima akitaka nimwandikie barua mimi. Nilikuwa mpiga chapa tu, na muhuri sikuwa nao.

Na haya yote yana mizizi ya zamani. Babu yangu alikata miwa Miwani, kwenye kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kenya, kilichoanza mwaka 1922. Kama wanaume wote Waafrika waliozidi miaka 16, alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, ikiwa ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mzungu asipotia saini kwamba amekuachilia, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukuajiri, na ukiondoka bila saini wewe ni mtoro wa kutafutwa na polisi. Walipokutana Lundha kule Gem, Desemba 1921, mkutano uliozaa harakati za Piny Owacho, wazee wetu walikitaja kipande miongoni mwa malalamiko yao. Kwa hiyo mwajiri mmoja kushika neno litakaloamua kama mwajiri wa pili atakuchukua ni jambo lililoanza kabla hatujazaliwa. Linalofaa kuulizwa ni nani ana haki ya kuliona neno hilo, na kulipinga likiwa la uongo.

Mashine za kompyuta zilipoingia Ahero na kibanda changu kikageuka saiba, yaani duka la intaneti, barua za chifu zilianza kupungua. Nafasi yake ilichukuliwa na cheti cha tabia njema cha polisi. Mwanzoni kilikuwa safari. Vidole vilipakwa wino, fomu ikapelekwa makao makuu ya CID kwenye barabara ya Kiambu, Nairobi, kisha mtu akasubiri. Mwenye haraka alipanda basi la usiku kwenda kukifuatilia, akalala kwa shangazi Kibera au Kariobangi, akarudi na risiti tu.

Huduma Centre za kwanza zilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2013, na eCitizen ikaanza mwaka uliofuata, mambo yalilainika. Sasa unajaza ombi mtandaoni, unalipa kwa simu Sh1,050, unachapa fomu ya C-24 na ankara yake, kisha unapanda matatu hadi Kisumu kuchukuliwa alama. Fomu hiyo lazima ichapwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Wengi wamerudishwa mlangoni kwa kuchapa kurasa mbili zilizotengana, na nauli ya kilomita 25 hairudi.

Kuna jambo moja la Ahero ambalo halijaandikwa kwenye fomu hiyo. Watu wetu hupanda mpunga. Mtu anayeshinda ndani ya maji ya skimu ya umwagiliaji tangu alfajiri akichomeka miche, au anayekata miwa upande wa Chemelil, vidole vyake hulika. Ngozi ya ncha huwa laini kama karatasi iliyolowa, au hupasuka mistari ambayo si yake. Nimeona fomu ambazo kidole gumba kimetoka doa jeusi tupu, bila mzunguko hata mmoja. Alama zisiposomeka, ombi linarudi na siku zinaliwa. Ndiyo maana huwaambia wateja wangu: ukijua una ombi la kazi, kaa nje ya shamba wiki moja ukiweza, paka mafuta usiku, na siku ya kwenda osha mikono kwa sabuni uikaushe vizuri. Hilo nimejifunza kwa kuwatazama wanaorudishwa.

Hata kabla ya hapo, ilikuwa imekuja Katiba ya 2010 na Sura yake ya Sita juu ya uongozi na uadilifu. Ni sura nzuri, iliyolenga viongozi. Lakini matangazo ya kazi serikalini yakaanza kudai vyeti vitano kwa kila mwombaji, na waajiri binafsi wakaiga: cheti cha polisi, cha KRA kuonyesha hudaiwi kodi, cha HELB kuonyesha hujatoroka mkopo wa masomo, fomu ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na ripoti ya shirika la kumbukumbu za mikopo, yaani CRB, ambayo peke yake ilikuwa Sh2,200. Msichana aliyemaliza chuo jana, hajawahi kushika mshahara, alitakiwa atoe maelfu ya pesa ili tu jina lake lisomwe. Nimewapokea wazazi waliouza gorogoro baada ya gorogoro ya mchele kulipia karatasi za mtoto ambaye hakuitwa hata kwenye usaili. Lilikuwa jambo la kuumiza, na bado linaniumiza.

Mwaka 2022 sheria ya ajira ilirekebishwa. Sasa mwajiri haruhusiwi kudai vyeti hivyo kwa mwombaji isipokuwa awe amekusudia kuingia naye mkataba wa kazi wa maandishi. Kwa maneno mengine, kwanza akuteue, kisha akuchunguze. Ukishindwa kutimiza masharti ya lazima, ndipo anaweza kuondoa nafasi aliyokupa. Huo ndio utaratibu ulio sawa. Lakini wako wanaoendelea kutangaza kazi kwa mtindo wa zamani, na vijana hulipa kwa hofu. Mtu akinijia na tangazo kama hilo, humsomea sheria na kumshauri atume wasifukazi, nakala za shahada na barua ya maombi tu, aseme vyeti vingine atavileta akiteuliwa.

Deni la simu linahitaji neno lake. Mikopo ya simu ilipoanza kushika kasi kuanzia 2012, vijana wa stendi walikopa mia tano wakasahau, halafu wakakuta majina yao CRB. Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia watu kuorodheshwa kwa deni lisilofika Sh1,000, na hiyo iliwatoa wengi. Lililo juu ya hapo bado linaonekana. Ni afadhali uione ripoti yako mapema, kabla ya mwajiri, kwa sababu wapo waliolipa zamani na kumbukumbu zao hazijarekebishwa.

Lakini kinachowaangusha watu wa Ahero kuliko polisi na CRB ni majina. Mjaluo anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la jamaa aliyefariki alilopewa kwa ndoto, jina la ubatizo alilochagua akiwa darasa la saba, na jina la baba. Kwenye cheti cha kuzaliwa yako mawili, kwenye cheti cha KCSE matatu, kwenye kitambulisho yamepangwa kinyume. Kisha kuna ile alama ndogo ya ng'. Ong'ondo wa kitambulisho ni Ongondo wa KNEC, baraza la mitihani, na mashine haijui kwamba ni mtu mmoja. Zamani mwalimu mkuu angesema tu, huyu namjua. Leo anayekagua yuko Nairobi, na kwake tofauti ya herufi ni dalili ya cheti cha kuazima.

Siwalaumu wanaokagua. Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliziagiza taasisi za serikali kuhakiki vyeti vya wafanyakazi wao, na Februari 2024 matokeo yalipotangazwa, waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 2,067. EACC imekuwa ikiwafikisha watu wa namna hiyo mahakamani na kudai warudishe mishahara yote waliyolipwa. Anayenunua shahada ya kughushi leo ananunua deni litakalomkuta akiwa na watoto shuleni. Na kila mmoja wao alikalia kiti cha kijana aliyesoma kwa haki.

Kwa hiyo panga vyeti vyako vyote mezani ukiwa bado huna haraka, uyasome majina herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Kubadilisha jina kabisa kunahitaji hati maalumu na tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Na kama shule imekuzuilia cheti kwa sababu ya karo, fahamu kwamba sheria ya KNEC ya 2012 hairuhusu jambo hilo. Nimewaona watu wazima wenye wajukuu ambao vyeti vyao vingali kabatini kwa mwalimu mkuu.

Nije kwa warejelewa. Hapa ndipo zamani na sasa hukutana, kwa maana baada ya mashine zote hizo, bado kuna mtu atakayepiga simu na kuuliza: huyu alifanya kazi kwako? Vijana wengi huandika mbunge, diwani au mjomba mwenye cheo. Mbunge hakufahamu, na mjomba mwenye jina la ukoo wako haaminiki. Andika aliyekusimamia, hata kama ni fundi mkuu wa mjengo au mwenye duka la dawa ulikofanyia majaribio. Mwombe ruhusa kwanza, mwambie kazi unayoomba, na uhakikishe namba yake ni ile anayotumia sasa. Nimeona mtu akikosa kazi kwa sababu aliyepigiwa simu alikuwa matangani, akashtuka, akasema hamkumbuki.

Kijana mmoja wa upande wa Boya aliacha kazi ya ghala mahali fulani baada ya kukosana na msimamizi wake kuhusu saa za ziada. Kila alipopata kazi mpya, simu ikipigwa kule, anaharibiwa jina. Alikuja kwangu akitaka nimpigie barua ya uongo kwamba miaka ile alikuwa shambani. Nilikataa, nikamfungulia Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51. Kinasema kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi lazima apewe cheti cha utumishi anapoondoka: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, tarehe ya kuacha. Halazimiki mwajiri kukusifu, lakini cheti hicho hawezi kukunyima. Akikunyima anatenda kosa linaloweza kumtoza hadi Sh100,000 au kumfunga miezi sita. Tuliandika barua yenye heshima, tukataja kifungu, tukampa nakala ofisa wa kazi Kisumu. Cheti kilikuja. Kwenye usaili uliofuata alikitoa, akaeleza mwenyewe kwa nini aliondoka, kabla ya mtu kupiga simu. Alichukuliwa.

Babu yangu hakuwa na kifungu cha kufungua. Na tangu 2019 tuna pia Sheria ya Kulinda Data: anayekusanya habari zako lazima akueleze anazitaka kwa nini, unaweza kudai kuziona, na zikiwa na kosa unaweza kudai zirekebishwe. Malalamiko yanapokelewa na ofisi ya Kamishna wa Data.

Sasa wanaonijia zaidi ni wasichana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia na Qatar. Hao huchunguzwa kuanzia vidole hadi damu, na ajenti huwakimbiza kwa tarehe za mwisho. Nami huwauliza: na wewe umemchunguza nani? Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya maajenti waliosajiliwa, na kuitazama hakuna malipo. Tukiwa tumeketi pale mbele ya mashine, tunatafuta jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba. Ajenti akitaka atumiwe pesa za uchunguzi kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, simjazii mteja fomu yake mpaka huyo ajenti apatikane kwenye orodha. Wengine hunikasirikia wakaenda saiba ya jirani. Wengine hurudi na mama zao, tunaanza upya na jina lingine.