super() haimwiti baba yako

Wiki mbili zilizopita niliaibisha mama wa watu kwa sababu ya mstari mmoja wa Python. Wacha niwapigie stori.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Siku hizi, mbali na video, naandikia watu wa mtaa programu ndogondogo. Mathe mmoja wa duka alitaka kitu cha kuchukua nafasi ya kitabu chake cha madeni. Nikaandika klasi nne. Malipo ndiyo mzazi, inaweka rekodi. Simu inarithi Malipo na kumtumia mteja ujumbe. Deni pia inarithi Malipo, lakini inaongeza pesa kwa deni la mteja. Ya mwisho ni ya wale wanaolipa kiasi kwa simu na kukopa salio: class Mseto(Simu, Deni).

Ndani ya Simu, methodi ya andika() inamalizia na super().andika(). Kichwani mwangu hiyo ni "enda kwa mzazi", na mzazi wa Simu ni Malipo. Nikajaribu Simu peke yake, iko fiti. Nikachukua pesa yangu nikaenda.

Jioni mteja akalipa 500 kwa simu, akakopa 200. Kesho yake akaambiwa mbele ya foleni nzima ana deni la 700. Mama wa watu akatoa simu kuonyesha ujumbe wa malipo, mikono ikitetemeka.

Shida ni hii. Python hupanga klasi kwa mstari: Mseto, Simu, Deni, Malipo, halafu object. Mtoto hutangulia mzazi, na mpangilio ulioandika kwa mabano haubadilishwi. Malipo ni mzazi wa Simu na Deni, kwa hivyo lazima angoje wote wawili wapite. super() haiulizi "baba ni nani?" Inauliza "nani anafuata?" Na mstari unaotumika ni wa kitu chenyewe, hapa Mseto, si wa klasi ulipoandika super(). Basi kutoka Simu ikaingia kwa Deni, na zile 500 zilizolipwa zikawa deni.

Si hitilafu ya Python. Utaratibu huo unaitwa C3, na uko tangu toleo la 2.3, mwaka wa 2003. Ningeandika print(Mseto.__mro__) ningeona kila kitu.

Kugeuza Deni itangulie Simu hakungesaidia, bado ingepitiwa. Niliacha kurithi kabisa: Mseto sasa inabeba Simu na Deni ndani yake, kila moja inapewa kiasi chake.

Nilienda kumwomba yule mama msamaha. Akaniuliza, "Kwani hukuijaribu, kijana wangu?" Nilijaribu Simu, mama. Mseto sikuijaribu, na wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kuitumia.