Barua kutoka Lushoto: tumehamisha barua pepe za nyumba ya wageni

Dada,

Nakuandikia kutoka Lushoto, ambako baridi ya Juni inataka mablanketi mawili. Nimekuja kumsaidia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kuhamisha barua pepe za biashara yake kwenda hosti mpya. Kwa kuwa nawe unataka kuhama na duka lako huko Moshi, acha nikusimulie safari na kazi yenyewe.

Basi la kutoka Dar lilitushusha Mombo jua likichoma. Hapo unaiacha barabara kuu ya Arusha, unapanda kosta. Ni kilomita kama 33 tu, lakini kona haziishi, mlima upande huu na korongo upande ule. Soni tulisimama, akina mama wakasogea dirishani na ndoo za matunda. Matamu mno! Ukifika Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyingine kabisa.

Wageni wa mama huyu wengi ni Wajerumani na Waholanzi wanaokuja kutembea kwa miguu Usambara, na huomba chumba kwa barua pepe miezi kadhaa kabla. Barua moja ikipotea, chumba kinalala kitupu. Hosti ya zamani ilikuwa imemchosha: seva inazimika, simu haipokelewi, na majibu yake kwa wageni yanaishia kwenye spamu.

Nilianza kwa kumuuliza jina la domeini limesajiliwa kwa nani. "Ni langu, mwanangu, nalilipia kila mwaka." Tukafungua taarifa za usajili. Limeandikwa jina la kijana aliyemtengenezea tovuti zamani, na anwani ya mawasiliano ni ya kijana huyohuyo. Mama alishtuka, na ana haki. Miaka yote amelipia kitu ambacho kimaandishi ni cha mtu mwingine. Bahati nzuri kijana alipatikana, ni muungwana, akakubali kwa msajili jina lihamishiwe kwa mama bila ubishi. Je, angekuwa amehama nchi, au wamegombana? Mwenye kushika domeini ndiye anayeamua barua ziende wapi. Hosti unaweza kubadili hata kila mwaka, lakini jina likipotea, anwani uliyoichapa kwenye kadi na mabango inakuwa ya mwingine. Kwa hiyo hatukugusa kitu kingine mpaka hilo limekwisha.

Kisha tukanakili. Akaunti ya mama na ya mapokezi hazikusumbua, maana zinatumia IMAP, barua zenyewe ziko kwenye seva. Kuna programu inaitwa imapsync: inaingia kwenye akaunti ya zamani na mpya kwa pamoja, inapita folda moja baada ya nyingine, na kupeleka kile ambacho hakipo upande wa pili. Niliiendesha kwenye seva ninayoikodi mjini, si kwenye laptopu yangu, hivyo mzigo wote ulipita kulekule na bando la mama halikuguswa.

Kazi ilikuwa kwa mhasibu. Kompyuta yake ilipangwa kwa POP3, yaani inazichota barua na kuzifuta kwenye seva. Ankara na mawasiliano ya miaka mingi yalikuwa ndani ya mashine moja chini ya kaunta, hayapo mahali pengine popote duniani. Tungenakili seva peke yake, tungeacha nyuma historia ya fedha ya nyumba nzima. Tukafungua programu ya barua pepe, Thunderbird, tukaongeza akaunti mpya ya IMAP kando ya ile ya zamani, na kuziburuta folda moja moja. Kwa mtandao wa huku milimani mambo yalikwenda polepole, basi tukaiacha mashine ifanye kazi, tukapanda mwamba wa Irente. Dada, ukija usikose kufika pale mwambani! Kijiji cha Mazinde kiko chini kabisa, mashamba ya mkonge yamenyooka mistari, na nyika inaendelea mpaka macho yanachoka.

Kubadili kwenyewe ni jambo fupi. Rekodi ya MX ni kama kibao cha njia panda ya Mombo: inaiambia dunia barua za jina hili zielekee wapi. Siku moja kabla tulishusha muda wa rekodi hiyo kukumbukwa, TTL, kutoka sekunde 86,400 hadi 300, ili mabadiliko yaonekane haraka. Mama akauliza, "Na zilizo njiani?" Swali zuri. Chache huingia bado kwenye seva ya zamani, ndiyo maana hatukuizima, na imapsync tuliirudia baadaye kuziokota. Seva mpya isipojibu, seva ya mtumaji huishikilia barua na kujaribu tena, kwa kawaida hata siku nne au tano.

Halafu spamu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti: hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, yaani rekodi za domeini za kuthibitisha mtumaji, na wa barua nyingi anatakiwa kuwa nazo zote pamoja na DMARC. Tuliweka zote tatu. Rekodi ya SPF ya hosti ya zamani tuliiondoa kwanza, kwa sababu domeini ikiwa na mbili, hukaguliwa kama kosa. Tulijaribu kwa kutuma barua kwenye Gmail na kusoma chanzo chake. Zote tatu zimepita. Asubuhi ombi la chumba kutoka Uholanzi liliingia kwenye seva mpya, na kijana wa mapokezi akalijibu hapohapo.

Hosti ya zamani italipiwa mwezi mmoja zaidi, kisha ifungwe.

Sasa dada yangu, kabla hujamlipa mtu hata shilingi, angalia domeini ya duka imesajiliwa kwa jina la nani, na muulize karani wako kama kompyuta yake inatumia POP3. Nijibu hayo mawili nikiwa bado huku, nipitie Moshi badala ya kurudi Dar.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako