Nafaka saba za uji wangu, na mbaazi za mama mkwe

Binti yangu alikuwa na miezi 14 nilipouona mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki umelala. Mwezi wa kwanza kilo 8, mwezi wa pili kilo 8, mwezi wa tatu kilo 8.

Niliumia, maana nilijihesabu mama makini. Unga wa uji nilitengeneza mwenyewe: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano na shayiri. Nafaka saba! Naosha, naanika, napeleka mashineni. Majirani walikuwa wakija kuniuliza vipimo.

Nesi alimpima mtoto malaria, akauliza kuhusu kuhara na minyoo, akaona hakuna tatizo. Kisha akaniuliza uji wangu una nini. Nikamtajia zote saba kwa majivuno.

"Na jamii ya kunde je, mama?"

"Hapana, nesi. Zinamjaza gesi."

Akatabasamu. "Hizo saba zako ni ndugu wa tumbo moja. Anachokosa mmoja, wote wanakikosa."

Akanieleza taratibu. Protini imejengwa kwa vipande viitwavyo asidi amino. Tisa kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Mojawapo ni laisini, ambayo mtoto anaihitaji ili akue. Nafaka zote zina laisini kidogo. Ikipungua hiyo moja, hata zile nyingine mwili unashindwa kuzitumia vizuri, kama fundi mwenye matofali tele lakini saruji imemwishia.

Nyumbani nilikaa na simu nikapiga hesabu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji takribani miligramu 45 za laisini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Binti yangu wa kilo 8 alihitaji kama 360. Ukiacha maziwa yangu, ambayo alikuwa akinyonya usiku tu, ili azipate kwenye mahindi peke yake angehitaji unga karibu gramu 160 kila siku. Tumbo lake lisingebeba uji wote huo. Lakini yai moja lina zaidi ya miligramu 400, na robo kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya 200. Maziwa, dagaa, samaki na nyama navyo vina laisini nyingi. Karanga ni nzuri, ila kwa laisini haziyafikii maharage.

Maharage nayo yana upungufu wake, wa asidi amino iitwayo methionini, na hiyo nafaka inayo. Ndiyo maana makande yamelea vizazi: mahindi na maharage yanafichiana aibu ndani ya sufuria moja.

Mimi aibu yangu ilikuwa chini ya meza ya jikoni. Kulikuwa na mfuko wa mbaazi ambao mama mkwe alitutumia kwa basi kutoka Lindi, akisema ni za mjukuu wake. Nilimwambia mume wangu kwamba mama anadhani bado tunaishi kijijini. Mfuko ulikaa miezi minne bila kufunguliwa.

Jioni ile nilipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo mama. Zile mbaazi, za mtoto nazipikaje?"

Nilitegemea kusemwa. Badala yake alinielekeza: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha mpaka ziive kabisa, toa maganda, ponda, tia tui kidogo, anza na kijiko kimoja ili tumbo lizoee. Kisha akauliza kama wadudu hawajaziingia. Nikasema ziko salama. Usiku huo mimi na mume wangu tulikaa na ungo, tukichambua zilizotobolewa.

Unga wa uji nikaubadilisha. Nafaka nikabakiza mbili, mahindi na ulezi: vikombe vitatu vya nafaka kwa kikombe kimoja cha choroko zilizokaangwa kidogo kabla ya kusagwa. Mchana mbaazi au maharage ya kupondwa, yai siku tukilipata, na kijiko cha unga wa dagaa kwenye mboga. Maziwa yangu aliendelea kunyonya.

Baada ya miezi miwili mzani ulisoma kilo 8.6. Mzazi mwenzangu, uzito ukigoma usianze na mbaazi, anza na kliniki, kwa sababu huenda ni ugonjwa. Lakini ukiulizwa uji una nini, usihesabu aina za nafaka kama mimi. Tazama kama kuna kunde, maziwa, yai au samaki ndani ya siku ya mtoto.

Mwezi uliopita mfuko mwingine ulifika kutoka Lindi. Safari hii nilimpigia mama nikiwa bado stendi.