Mbwa Huyu ni wa Nani?

Katika utoto wangu hapa Kanamkemer, Turkana, miaka ya mwanzo ya 1980, mbwa hakuwa na mwenyewe kwa maana ya mtu wa kusailiwa juu yake. Alikuwa wa boma zima, akilala mlangoni pa nyanya pamoja na wajukuu, na mtoto mchanga alipojichafua, yeye ndiye aliyeitwa kumlamba mpaka akatakata, kwani maji tuliyoyachimba katika mchanga wa luga, yaani mto mkavu, yalikuwa haba hata kwa kunywa. Sisemi haya kwa kuwaaibisha wazee wetu. Katika nchi kame kama ile mbwa alikuwa yaya mwenye huruma, wala hapana aliyekuwa amewabainishia kwamba mbwa alaye maini na mapafu mabichi ya mbuzi mgonjwa hupata tegu, na kwamba mayai ya tegu yule, yakishika ulimi na manyoya yake, humwingia mtoto na kumfanyia ndani ya ini mfuko wa maji unaokua polepole kwa miaka mingi.

Shangazi yangu, aliyeolewa upande wa Lokichoggio, alichukua tumbo la namna hiyo hata majirani wakampongeza kwa mimba. Wataalamu waliohesabu wakati huo walikuta, kaskazini-magharibi mwa Turkana, wagonjwa wapya zaidi ya 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakikuwa kimeandikwa mahali pengine popote duniani. Alipasuliwa, akapona kwa rehema ya Mungu.

Mwaka 1983 watu wa shirika la afya la AMREF wakaanza huko kazi ya kuyazuia maradhi hayo kwa kumfuata mbwa mwenyewe, na likizo moja niliwaona kwa macho yangu. Kila baada ya wiki sita walirudi na vidonge vya prazikwanteli, na swali lao la kwanza bomani lilikuwa: “Mbwa huyu ni wa nani?” Aliyekosa mwenyewe aliuawa. Palikuwa na mbwa mwekundu aliyezoea kunifuata malishoni, nami kwa hofu nikapaza sauti, “Ni wangu!” Shangazi akanitazama kitambo, akasema, “Ukisema ni wako, mwanangu, basi wewe ndiye utakayemshika.” Nikampanua taya kwa mikono iliyotetemeka, na tangu siku hiyo nikawa sina ruhusa ya kumtupia matumbo ya mbuzi, bali kuyafukia.

Tangu hapo mengi yamegeuka. Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti dhamana ya kudhibiti wanyama, na kutoa leseni za mbwa kumetajwa humo waziwazi. Na mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa kuchanja walau mbwa 70 katika kila 100. Naukubali kwa moyo wote, maana aliyeumwa hutakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia sindano, na kwetu maji mengi ni jambo la kutafutwa.

Siku ya chanjo ya mwisho nilikwenda na mjukuu wangu, kamba mkononi mwake. Chini ya mgunga ng'ambo ya barabara walikuwa wamelala mbwa kumi na wawili, wale wanaoshinda machinjioni. Mchanjaji alipowaulizia, watu waliokuwa kwenye foleni walitazamana, na mjukuu wangu akanivuta kanzu, akiniuliza kama tunaweza kumchukua mmoja.