Mteremko si Mteremko

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu aliyepata kazi bila jasho husemwa kwamba ameipata kwa mteremko. Mwanafunzi akitoka kwenye chumba cha mtihani huku akitabasamu, wenziwe humwuliza: "Vipi, mteremko?" Ni sitiari nzuri, na kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili na Jiografia katika shule za sekondari sikuwahi kuipinga. Naipinga leo kwa sababu moja tu. Imeingia kwenye karatasi ya njia za baiskeli za milima ya Usambara, na humo inaweza kumvunja mtu shingo.

Karatasi yenyewe imeandaliwa na kijana niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza, ambaye siku hizi huongoza wageni hapa Lushoto. Wageni wa Ulaya wana ramani zao na vitabu vyao. Lakini wapo pia vijana wa Tanga na Korogwe ambao hupakia baiskeli juu ya basi siku ya Jumamosi na kuja kujipima na milima yetu, na kijana wangu akaona haya kwamba hao hawana hata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuwaelekeza. Akaandika kurasa mbili, akaniletea. "Shikamoo Mwalimu. Ni sarufi tu naomba uniangalizie."

Sarufi haikuwa na neno. Aliorodhesha njia nne, kila moja na daraja lake: rahisi, wastani, au ngumu. Irente, rahisi. Soni hadi Bumbuli, wastani. Magamba hadi Mtae, ngumu. Ya nne, kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, aliiandikia hivi: "Rahisi sana. Kilomita 33 za mteremko mtupu." Nikaweka kalamu chini.

Kabla sijaeleza kwa nini, niwape wapenzi wa lugha kitendawili nilichokitunga barabarani: Nikipanda nashuka, nikishuka nimepanda. Jibu ni mwendesha baiskeli wa milimani. Tunasema mtu amepanda baiskeli, na tunasema amepanda mlima, kwa kitenzi kile kile. Tunasema ameshuka kwenye baiskeli, na tunasema ameshuka bondeni. Tambarare, maana hizo haziingiliani. Huku kwetu zinagombana kila siku, kwa kuwa anayepanda mlima mkali hufika mahali akashuka kwenye baiskeli na kuikokota, na anayeshuka mlima ndiye anayebaki amepanda, amekaa juu ya kiti mpaka chini. Mwanafunzi akiniandikia "Juma alishuka Soni", sijui kama Juma alitelemka hadi Soni au alishindwa na mlima wa Soni. Nampa alama, kisha namwuliza.

Kitenzi chenyewe cha kuendesha nacho kina lake. Wazee wetu hawakusema "kupiga pedali" bali kunyonga baiskeli. Nyonga, jina, ni kiungo kile kati ya paja na kiuno. Sidai kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, hilo nawaachia wanaisimu. Lakini mtu aliyevuka miaka sitini, akinyonga kuelekea Magamba, haoni sababu ya kuyatenganisha.

Turudi kwenye njia. Ya Irente sina ugomvi nayo. Haizidi kilomita saba hivi kutoka mjini, inapita katikati ya vijiji na mashamba, inapandisha kidogo, inalegea, na ghafla ardhi inakwisha. Unasimama juu ya genge na nyika yote iko chini yako, Mazinde na mashamba ya mkonge yakiwa madogo kama madaftari yaliyopangwa mezani. Washambaa hugawa dunia yao sehemu mbili: Shambaai, yaani huku juu kwenye baridi na migomba, na nyika, huko chini kwenye joto. Irente ndipo mtoto wa mji hufahamu mgawanyo huo bila ya kufundishwa. Rahisi, naam, ilimradi mtu afunge breki mapema.

Ya Bumbuli kijana ameiita wastani, na neno hilo limenikaa vibaya, japo nimeliacha. Ukitoka Soni, njia haipandi wala haishuki kwa uaminifu; inafanya yote mawili, tena na tena, kama mtu anayesimulia kisa huku akijikatiza. Upande huo wa milima ndiko iliko Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kikilindi, ambao habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu ambacho kila mpenzi wa nathari ya kale anapaswa kukisoma. Mtu akisoma jinsi Mbegha, mwindaji wa nguruwe, alivyokaribishwa na watu wa milima hii, kisha akanyonga baiskeli kwenye vigongo hivi, ataelewa kwa nini mgeni aliyejua kutembea alithaminiwa. Ugumu wa njia hii hauko kwenye mlima wowote mmoja. Uko kwenye hesabu yake. Kontua za ramani zinaonyesha kimo cha mwanzo na kimo cha mwisho, na macho ya haraka yanaona tofauti ndogo. Mapaja ndiyo yanayojumlisha vilima vyote vya katikati.

Magamba ni habari nyingine, nami nakiri upendeleo. Kutoka mjini barabara inapandisha bila kuomba radhi. (Tazameni kitenzi hicho: huku hatusemi tu kwamba barabara inapanda, twasema inapandisha. Kauli ya kutendesha. Barabara ndiyo inayotenda, sisi tunatendeshwa.) Hewa inapoa kadiri unavyokwenda, kisha mashamba yanarudi nyuma na msitu wa hifadhi unakupokea kwa ukungu na ukimya, isipokuwa mbega wakivunja matawi juu. Hapo ndipo nimetunga beti nyingi kuliko mahali pengine popote.

Sababu ni ya mwili kabla ya kuwa ya kishairi. Nikiwa kwenye gia nyepesi, kila mguu unaposhuka natamka mizani moja. Miguu minane, mizani nane, na hapo pumzi inakata. Ndicho kipande cha ukwapi. Navuta hewa, minane mingine, utao umekamilika na kina kimetua. Mwinuko ukiwa wa kadiri, shairi la mizani kumi na sita linatembea lenyewe. Mwinuko ukikaza, pumzi haitoshi vipande viwili. Nabaki na mizani nane tu kwa mshororo, na shairi linageuka utenzi bila idhini yangu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya msitu hata utenzi hauwezekani. Hapo mtu hutamka jina la Mungu, silabi mbili mbili.

Magamba si mwisho wa safari. Njia inaendelea kupita Lukozi, kwenye biashara ya mboga, hadi Mtae iliyokaa ukingoni mwa milima, kama kilomita 60 kutoka Lushoto. Niliwahi kuimaliza kwa siku moja. Sasa daktari ameniruhusu Magamba na kurudi, na goti la kushoto limeongeza masharti yake. Kijana ameandika "ngumu" nami nimeafiki.

Sasa Mombo.

Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, kwenye barabara kuu, iko kama mita 400. Tofauti ni mita elfu moja. Mtu aliyezipanda amelipa kila mita kwa jasho. Anayezishuka hajalipa kitu, na hapo ndipo penye mtego: deni liko pale pale, ila linalipwa na vipande vinne vidogo vya mpira vinavyosugua rimu. Chini ya Soni barabara imebanwa kati ya ukuta wa mwamba na korongo la mto. Ni nyembamba, kona zake zimejifunga, na inatumiwa na mabasi na malori ya mboga yanayowahi soko. Wakati wa masika mawe na udongo huporomokea lami. Mpandaji anayekutana na vitu hivyo yuko kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Huweka mguu chini na kusubiri. Mshukaji hukutana navyo akiwa na mwendo wa lori.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu, enzi tulipokuwa vijana wa kazi. Alikuwa na Phoenix, ile ya breki za vyuma, aliyoitunza kuliko viatu vyake. Siku moja ya mvua alikuwa akiwahi basi la Tanga, na mipira ya breki ikaisha chini ya Soni. Alipata nafasi ya kuchagua kati ya ukuta na korongo, akachagua ukuta. Mfupa wa paja uliungwa, lakini mpaka anastaafu alifundisha akiwa ameegemea meza, na wanafunzi waliomjua baadaye walidhani ni mtindo wake.

Nilimsimulia kijana kisa hicho. Alinisikiliza kwa adabu. "Pole yake, Mwalimu. Lakini breki za zamani ndivyo zilivyokuwa. Na pale mtu hanyongi hata mara moja! Nikiandika ngumu watanicheka. Watasema, mteremko unakuwaje mgumu?"

Niliona kwamba hatubishani kuhusu barabara. Tunabishana kuhusu neno. Lugha imeshamwambia kwamba mteremko ni raha, na lugha ni shahidi anayeaminiwa kuliko mzee. Nikamkumbusha kwamba lugha hiyo hiyo ina shahidi wa pili: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Akacheka. Methali, akasema, ni za mitihani.

Basi Jumapili iliyofuata tukachukua baiskeli zetu, yake mpya yenye gia nyingi, yangu kuukuu niliyoinunua Tanga, tukashuka pamoja. Yeye alitangulia, mkono umeshika breki muda wote, kama wafanyavyo wengi. Mimi nilishuka kwa namna niliyofundishwa na mafundi: kubana kwa nguvu kabla ya kona, kuachia kabisa ndani ya kona, kupumzisha vyuma kila panapolegea. Tulipopita Soni na kuingia kwenye sehemu kali, nikamwita asimame mahali penye upana. Nikamwambia aguse rimu yake ya mbele. Akaugusa ule ukingo, akaurudisha mkono haraka na kutia vidole mdomoni. Hakusema kitu, nami sikusema. Tulikaa juu ya jiwe mpaka vyuma vikapoa. Malori mawili yalipita, na la pili lilituonyesha jinsi nafasi ilivyokuwa finyu.

Hatukuendelea hadi Mombo. Tulipanda kurudi Soni, na njiani nilishuka mara tatu.

Jioni ile tulikaa na karatasi. Daraja limebadilika: njia ya Mombo sasa ni ngumu, tena imetangulizwa juu ya Mtae, na chini yake kuna mistari mitano kuhusu breki, kona, masika na mahali pa kusimama. Neno "rahisi sana" limefutwa. Juu ya "mteremko mtupu" tulijadiliana mpaka chai ikapoa. Mimi nilitaka "mteremko mkali". Yeye alisema sifa haiwezi kulishinda jina; msomaji akishaona mteremko, masikio yanaziba. Na hapo mwanafunzi alikuwa amemzidi mwalimu, kwa kuwa ndivyo tunavyowaambia washairi chipukizi: kivumishi hakiokoi nomino iliyochaguliwa vibaya. Tukajaribu poromoko, likawa la maji na mawe. Tukajaribu mshuko, likatupeleka msikitini siku ya Ijumaa. Mwishowe tukaacha nomino kabisa, tukaandika kitenzi: "Njia hii inakutelemsha mita 1,000." Kauli ya kutendesha, kama ile ya Magamba. Barabara inatenda, mpandaji ajue nani mwenye usukani.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na yeye tumeshindwa, nami nalileta kwenu. Kati ya Soni na Lushoto, bondeni, zipo sehemu ambapo barabara huonekana tambarare kabisa kwa macho, na bado miguu inalemewa, kwa sababu kwa kweli inapandisha taratibu. Mgeni husimama na kukagua tairi akidhani amepata pancha. Kila mwendesha baiskeli wa milimani anapafahamu mahali pa namna hiyo, na sina jina lake. Kijana amependekeza "tambarare ya uongo", ambayo naiona ndefu na yenye harufu ya tafsiri. Wasomaji wa Njombe, wa Kigoma, wa Taita, ninyi mlio na vilima vyenu na mafundi wenu wa baiskeli, kama mnalo neno linalotumika mitaani, niandikieni. Karatasi inakwenda kuchapishwa mwisho wa mwezi.