Shingo ya Besi ya Kwaya



Wengi walituuliza sababu gani besi ya kwaya haikusikika majuma mawili, tena sababu gani imerudi na alama nyeusi mgongoni. Wengine walisema eti sisi finalisti tuliosha upande wa mbele tu. Tunajibu.

Shingo ya besi ile imetengenezwa kwa namna ile ambayo Leo Fender wa Marekani alianza kuuza mwaka 1951: kipande kimoja cha erabli, mti wa nchi za baridi, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Hakuna ubao mwingine uliobandikwa juu. Vile vyuma vya kugawanya sauti vimepigwa ndani ya mti wenyewe. Basi kidole kinacheza juu ya verni, na verni ikiisha kinacheza juu ya mti mtupu. Matundu ya erabli ni madogo sana, si kama muvula yenye kunywa verni kama mtu wa kiu. Lakini ikibaki uchi inashika jasho na uchafu, inageuka rangi ya majivu. Na hapa Bukavu mvua inaanza mwezi wa tisa mpaka wa tano. Mti uchi unavuta maji ya hewa, kiangazi unakauka, na shingo inaanza kujipinda. Ndani kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha, lakini ikijisokota kama kamba, fimbo ile haisaidii kitu.

Mwezi wa pili 2025, vita ilipoingia mjini, chumba cha kwaya kilifungwa majuma mengi. Tulipokifungua, ukungu ulikuwa juu ya shingo yote.

Tuliipeleka kwanza kwa fundi mmoja wa mbao kule Kadutu. Akaipapasa, akacheka: «Batoto, muniachie hii. Ninaiparuza yote kwa saa moja, itangaa kama mupya.» Tukamwambia: «Aksanti papa, lakini hapana kuparuza.» Alikasirika kidogo. Ni fundi wa kweli, vitanda vyake tunavijua, lakini shingo ya besi si mguu wa kitanda. Ukipunguza milimita moja tu, mkono wa mchezaji unajua.

Tuliifanya wenyewe. Tulitoa nyuzi, tukafungua visi vinne, tukatenga shingo na mwili, maana unga wa pamba ya chuma unakimbilia sumaku za besi na hautoki tena. Kitambaa chenye unyevu kidogo kiliondoa ukungu. Kwa mafuta ya vidole tulitumia esanse ya briketi, tukaijaribu kwanza pale shingo inapoingia mwilini, mahali macho hayafiki. Kisha pamba ya chuma laini kabisa, kwa kufuata nyuzi za mti, polepole. Mbele, pale verni ilipoisha, tulipaka verni nyembamba mara tatu, kila mara tukingoja siku tatu sababu ya mvua. Majuma mawili yaliishia hapo! Nyuma tulipaka mafuta ya lini kidogo tu na kuyapangusa. (Vitambaa vya mafuta yale visikunjwe na kutupwa pembeni, vinaweza kuwaka vyenyewe. Tuliviloweka ndani ya maji.)

Sasa zile alama. Ni herufi za wachezaji wa zamani, zimechongwa kwa kisu. Moja ina mwaka: 1996. Mama mmoja wa kwaya ya kanisa alizitazama, akanyamaza, kisha akasema: «Ule kijana alicheza siku ya Mungu. Mwezi wa kumi vita ikaingia, akashika barabara na wengine. Hatukumuona tena.»

Herufi zile zimeingia ndani sana. Kuzifuta ni kupunguza mti mpaka karibu na fimbo. Lakini tuseme wazi: hata kama zingekuwa juu juu tu, tusingezigusa. Tulizisafisha kwa sindano na pamba, tukadondosha verni ndani yake ili maji yasipite.

Wadogo wetu wa darasa la tatu walituomba kuchonga herufi zao pia. Tumekataa. Wameandika majina kwenye karatasi, imebandikwa ndani ya sanduku la besi. Verni iliyobaki iko katika kabati ya kwaya, imefunikwa vizuri.