Zaburi Tulizokuwa Tukiziruka

Wengi wenu tunapokutana kwenye ibada hapa Houston huniuliza swali moja: "Mama, hivi ni kweli watoto wako hawaendi shule?" Jamani, wanasoma. Ila shule yao ni meza ya jikoni, na mwalimu ni mimi, ambaye siku nyingine natoka kazini kutunza wazee usiku kucha. Leo naomba niwashirikishe kipindi chetu cha kwanza cha kila asubuhi, kipindi cha kuimba Maandiko, maana mwaka jana kilinifundisha mimi mwalimu.

Kwanza niseme tulifikaje huko. Baba watoto ni dereva wa lori la masafa marefu. Hukaa barabarani wiki mbili, hata tatu, kisha hupumzika nyumbani siku nne. Watoto walipokuwa wakienda shule, hizo siku nne walimwona jioni tu, wakiwa wamechoka na wana kazi za kuandika. Tuliomba, tukashauriana, tukaamua kuwasomesha nyumbani. Sheria ya Texas haina masharti mengi. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya jimbo ya mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kama shule binafsi, na kinachotakiwa ni masomo ya kweli ya kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Kuimba hakumo. Kiswahili nacho hakimo. Hivyo viwili tuliviongeza wenyewe, tena tukavifunga pamoja.

Tunafanya hivi. Saa moja asubuhi tunakaa mezani na Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 tuliyokua nayo wengi wetu. Simu naiweka katikati ya meza ili baba yao asikie kokote alipo. Nikikumbuka Kumbukumbu la Torati sura ya 6, inayotuagiza tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani, naona sisi tumepewa vyote viwili kwa wakati mmoja: huku nyumbani, kule njiani. Ninaimba mstari mmoja, watoto wanaitikia, hivyo hivyo mpaka umekaa kichwani. Hatubadili neno. Tunachobadilisha ni sauti ya wimbo.

Mwanzoni nilijaribu kuyapachika maneno kwenye nyimbo za Kiingereza walizozoea watoto. Ikashindikana. Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo wa Kizungu ukikanyaga mahali pengine neno linavunjika, mtoto anaimba kitu kisichojulikana. Ndipo nikarudi kwetu Ugogoni. Mimi ni mtoto wa Mvumi, Dodoma, ambako akina mama hupiga ng'oma za muheme wakiwa wamezibana magotini, na mmoja akianzisha wimbo, wengine hupandisha na kushusha bila kufundishwa. Nyimbo zile zilipokea maneno ya Zaburi kama kwamba zilikuwa zinayasubiri.

Kiswahili cha watoto kilikua kwa njia hiyo, pamoja na vichekesho vyake. Tulipoimba Zaburi ya 23 wote walipenda neno "gongo". Siku moja mjomba wao akaja kututembelea, akamsimulia mkubwa wetu kuwa gongo ni pombe haramu ya kienyeji. Kesho yake nikaulizwa mezani, kwa mshangao mkubwa, kwa nini pombe inamfariji Daudi. Ilinibidi nieleze kuwa gongo ni fimbo nene ya mchungaji, na kwamba hiyo nyingine ni habari ya mjomba wake.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Februari mwaka jana mama yangu akafariki.

Maombi yetu ya makazi ya kudumu yalikuwa bado yanashughulikiwa. Ukitoka nchini bila kibali maalumu cha kurudi, unahesabiwa umeyaacha maombi yako. Sikwenda. Wengi wenu mnaijua hali hiyo, sina haja ya kuieleza. Mazishi yalikuwa saa kumi alasiri Mvumi, ambayo hapa kwetu ni saa moja asubuhi. Simu ile ile ikawekwa pale pale mezani, tukasikia koleo na udongo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu nikawaita watoto kama kawaida, nikaanzisha Zaburi ya 103, ya kushukuru. Wadogo wawili wakaitikia. Mkubwa wetu, mwenye miaka 14, akafunga Biblia. Alisema kwa Kiingereza, nami nayaandika kwa Kiswahili: "Mama, katika nyimbo zetu zote watu wako sawa. Sisi hatuko sawa. Unalia bafuni na kufungulia maji ili tusikusikie, halafu unatoka unatuimbisha shukrani. Mimi sitaki kudanganya."

Nilitaka kumgombeza. Nilikolelewa mimi, mtoto hamjibu mama yake hivyo. Lakini baba yake alikuwa kwenye simu, amesikia yote. Akasema, "Mama, mwache kwanza. Mtoto amesema kweli."

Mchana nilichukua daftari ninamoandika nyimbo zetu. Ndani ya miaka mitatu tulikuwa tumejifunza vifungu 31, vyote vya furaha, ulinzi na sifa. Katika Zaburi 150, karibu theluthi moja au zaidi ni maombolezo na malalamiko. Nilikuwa nimeyaruka yote. Hata Zaburi ya 13, yenye mistari sita, nilikuwa nimewafundisha miwili ya mwisho tu, ile ya kufurahi. Mistari minne ya kumuuliza Mungu atanyamaza mpaka lini niliiacha, nikidhani nawakinga. Kumbe nilikuwa nimewafundisha watoto wangu kwamba mbele za Mungu huingii mpaka ujifute machozi.

Kesho yake tukaianza Zaburi ya 13 tangu mwanzo. Kisha tukaiendea ya 88, mistari 18. Maombolezo mengi hugeuka mwishoni yakawa matumaini, lakini hii haigeuki, inaishia gizani. Kijana akaniuliza, "Bibi alipokuwa na huzuni alikuwa akiimba sauti gani?" Sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Nikakumbuka wimbo aliokuwa akiuvuta polepole akisaga uwele jiweni, mwaka ule wa msiba wa kaka yangu. Nikauimba, sauti ikanikatika katikati. Kijana akaudaka, kwa sauti yake inayobadilika kuwa ya kiume, akaendelea, wadogo zake wakamwitikia. Kwenye simu kimya. Kisha baba yao akasema neno moja tu: "Rudieni."

Sisemi kuwa tangu hapo mambo yamenyooka. Zipo asubuhi kijana anaimba kwa kunung'unika, na zipo ambazo mwalimu mwenyewe anasinzia. Lakini bafuni sifungulii maji tena.

Nanyi mlio na watoto, wawe wanasoma nyumbani au shuleni, jaribuni. Jina la kitabu chetu cha Tenzi za Rohoni limo ndani ya Wakolosai 3:16, mstari unaotutaka tufundishane kwa kuimba, na kufundishana maana yake hata mtoto anaweza kukufundisha. Anzeni na Zaburi ya 117, ina mistari miwili tu. Mkifika ya 13, imbeni mistari yote sita.

Mungu awabariki.